Kutoka Amri hadi Swali: Lugha ya Habari za Mazingira katika Kiswahili

Neno mazingira lina asili yake katika kitenzi zingira. Katika masimulizi ya vita, mji huzingirwa na adui. Katika maisha ya kawaida, mtu huzingirwa na vitu na hali zilizo kandokando yake. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 1972, na makao ya shirika la mazingira la Umoja huo kuwekwa Nairobi, neno hili lilizidi kubebeshwa maana ya kitaalamu: ardhi, maji, hewa, misitu na viumbe kwa ujumla wake. Hata hivyo, historia ya habari za mazingira katika Kiswahili si historia ya istilahi peke yake. Ni historia ya nani anazungumza na nani, na kwa sauti gani.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya amri. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923 huko Tanganyika, lilichapisha mawaidha ya kilimo bora pamoja na habari nyinginezo. Mkulima alikuwa mtu wa kuelekezwa, si wa kuulizwa. Katika milima ya Uluguru, wakulima waliagizwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na wengi hawakuiona faida yake. Mwaka 1955 zilizuka ghasia huko Matombo, na mpango ule ukavunjika.

Baada ya uhuru sauti ilibadilika, lakini mwelekeo wake haukubadilika sana. Kampeni za redio nchini Tanzania zilijengwa juu ya sentensi fupi zenye mizani ya methali: Mtu ni Afya mwaka 1973, na Misitu ni Mali mwaka 1980. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza na kujadiliana, na elimu kubwa ilienea. Lakini sentensi ya namna hiyo humtaka msikilizaji akubali tu. Anayeambiwa kuwa misitu ni mali haambiwi ni mali ya nani. Wakati huohuo, mwaka 1979, mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka ya Kondoa chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Udongo ulipata nafuu, ila gharama ya nafuu hiyo iliwaangukia wafugaji.

Ni katika muktadha huu ndipo umuhimu wa Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira Tanzania, JET, kilichoasisiwa mwaka 1991, unapoeleweka. Mwandishi wa mazingira alianza kutazamwa kuwa mtu wa kuhoji, si mpiga mbiu. Mfano wake ni delta ya Rufiji, yenye mikoko inayokadiriwa kufikia hekta 53,000. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba katika delta hiyo. JET pamoja na wanasheria wa LEAT walikuwa miongoni mwa waliouhoji, na wakazi wa delta walifika hadi mahakamani. Mradi haukutekelezwa.

Pamoja na mafanikio hayo, lugha ya zamani haikutoweka. Chukuliwe kirai kilichozoeleka magazetini: ukataji miti ovyo. Kitenzi kimegeuzwa kuwa nomino, na mtenda ametoweka. Papo hapo kielezi ovyo kimekwisha kutoa hukumu. Msomaji humjazia mwenyewe mtenda huyo, na mara nyingi humwona mchoma mkaa wa kijijini. Mnunuzi wa mkaa mjini, mfanyabiashara wa mbao na aliyetoa kibali hawamo katika sentensi.

Tatizo la pili ni la istilahi. Kwa muda mrefu hali ya hewa ilitumika kwa mambo mawili: mvua na jua la leo, na mwenendo wa miongo mingi. Mkulima akiambiwa kuwa hali ya hewa imebadilika, hujibu kwamba hubadilika kila siku, na jibu lake ni sahihi. Neno tabianchi limesaidia kutenganisha dhana hizo, lakini bado linahitaji kufafanuliwa kila linapotumiwa. Mzigo huu humwangukia mwandishi, ambaye hupokea ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, mara nyingi ikiwa kwa Kiingereza, na kutakiwa aieleze kwa Kiswahili kabla ya gazeti kwenda mitamboni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya mwananchi kupata habari za mazingira. Haki hiyo haitimii kwa kufungua makabrasha tu. Hutimia pale habari inapoandikwa kwa sentensi zenye mtenda, zinazoeleza nani amekata, nani ameruhusu, nani amefaidika na nani amepoteza. Kazi ya wataalamu wa lugha, basi, haiishii katika kuorodhesha istilahi. Ni pia kukaa na waandishi juu ya sentensi zao, ili mkulima wa Uluguru na mvuvi wa Rufiji wasiwe tena watu wa kuambiwa tu.