Zilizopendwa

Zilizopendwa (Tanzania huitwa zaidi zilipendwa) ni jina la jumla la nyimbo za zamani ambazo bado zinasikilizwa kwa hamu, hasa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1950 hadi 1980. Kwa maana pana, ni chochote ambacho uzuri wake umeshinda umri wake. Kiswahili kina maneno mengine ya kusifia kilichodumu, lakini hili ndilo linalosikika kote, pwani na bara.

Kwa umbo, zilizopendwa ni kitenzi. Zi- inasimamia nyimbo, ambazo zenyewe zimeachwa zikajijua. -Li- ni wakati uliopita. -W- inaonyesha kutendwa. Aliyezipenda hatajwi, na pengine ndiyo sababu kila mtu anajiona ni yeye. Zilipendwa ya Tanzania ni sentensi nzima iliyogeuzwa jina. Kinyume chake, classicus ya Kilatini, iliyozaa neno klasiki, ilitoka kwenye madaraja ya walipa kodi wa Roma, na katika karne ya 2 Aulus Gellius akaitumia kwa mwandishi wa daraja la kwanza, mbali na walalahoi. Warumi walianzia kwenye mali. Kiswahili kikaanzia kwa msikilizaji.

Orodha ya nyimbo zenyewe haina mlinzi rasmi, ila yapo majina yasiyokosekana. “Malaika”, iliyorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliimbwa baadaye na Miriam Makeba, Harry Belafonte na kundi la Boney M, na hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi wake ni Adam Salim. “Helule Helule” ya Daudi Kabaka ilirudiwa Uingereza na The Tremeloes mwaka 1968. Mwanamuziki mwenzao wa Kenya, Fundi Konde, alifariki mwaka 2000, na mwaka uliofuata wakaondoka Fadhili William na Kabaka. Kutoka Tanzania yupo Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. “Shida” yake bado inaombwa redioni. “Sina Makosa” ya Les Wanyika ni ya mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, na gitaa lake likianza tu, hata asiyejua jina la bendi huanza kutikisa kichwa.

Santuri za wakati huo zilikuwa ndogo, na wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Mara nyingi kisu kilipita pale pale magitaa yalipokuwa yanapamba moto. Nakala nyingi zinazochezwa leo zilitolewa kwenye santuri hizo, kwa hiyo msikilizaji makini husikia sauti ikififia katikati kisha ikarudi, pamoja na mikwaruzo ya sindano. Kuna wanaozisafisha nakala hizo kwa kompyuta. Wapo wapenzi wa muziki huu ambao wangependa wasiziguse.

Huko bara, kwa mfano katika Ruiri, mji mdogo wa soko katika eneobunge la Buuri, Kaunti ya Meru, kwenye mteremko wa Mlima Kenya unaoelekea Isiolo, neno hili huja na Kiswahili cha biashara. Nyumbani ni Kimeru; Kiswahili hushika zamu pale mkulima wa Imenti anapopatana bei na Mborana, Msomali au Mturkana aliyepanda kutoka Isiolo. Eneo hilo pia lina kipimo chake cha ubora wa kudumu, kisicho cha nyimbo. Katika milima jirani ya Nyambene, miti ya miraa iliyo mikongwe kabisa huitwa mbaine, na miraa yake hutafutwa kuliko ya miti michanga. Kwa mti wa namna hiyo umri ndio sifa yenyewe. Neno zilizopendwa haliufai, kwa kuwa mti bado unavunwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mbegu ya mahindi ya 614, ambayo aina yake ya 614D ilitolewa Kenya mwaka 1986: imeendelea kupandwa nyanda za juu miongo kadhaa baadaye, na mkulima anayeinunua haiiti zilizopendwa. Lazima kitu kiwe kimetoka mikononi kwanza, ndipo kirudi kwa jina hili.

Visawe vya neno hili havilingani nalo sawasawa. Bora ni sifa ya sasa, haina umri. Asilia hudai usafi wa chimbuko: taarab asilia hutajwa ili kuitenga na ile ya kisasa ya vinanda vya umeme, na ndiyo taarab inayofuatilia nasaba yake hadi kwa mwimbaji Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Za kale huenda zaidi na tungo, kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Tunu, lulu na johari ni vya thamani, viwe vipya au vikuukuu. Kwa watu kuna gwiji na nguli, na kuna mkongwe, neno ambalo kwa asili ni la mzee aliyechoka mwili. Watangazaji wamelipandisha cheo hata “mwanamuziki mkongwe” akawa mtu wa heshima. Klasiki limebaki vitabuni na kwenye muziki wa Ulaya. Kitambaa nacho kina chake: kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, imekuwa ya harusi za pwani kwa vizazi, na kila bibi harusi anaikuta ingali mpya.

Neno lina upande wa pili usio na heshima. Mpenzi aliyeachwa huitwa zilipendwa, na mwanasiasa aliyeshindwa pia, bila kujali kwamba zi- haipatani na mtu mmoja. Mwaka 2017 mwanamuziki Diamond Platnumz na wenzake wa lebo ya Wasafi walitoa wimbo wenye jina hilo, wakivitaja vitu vilivyotamba kisha vikapitwa. Kicheko na hamu ya zamani vimechanganyika humo. Tofauti ya sifa na kejeli hukaa kwenye sauti ya msemaji, na maandishi hayaionyeshi.

Mpaka wa miaka nao unasogea. Vijana wa Kenya wanasema ngoma za kitambo, na humo wanamtia rapa E-Sir, aliyefariki mwaka 2003, ambaye wazazi wao walimwona kuwa kelele za kisasa. Vipindi vya zilizopendwa redioni bado vinamwachia nafasi kwa shingo upande.