Njia ya Mto Thames: vivuko vilipokufa, njia nayo ilikatika

Njia ya miguu inayoandama Mto Thames, kusini mwa Uingereza, huanzia kwenye malisho karibu na kijiji cha Kemble, kaunti ya Gloucestershire, na kuishia mashariki mwa London, karibu na malango ya chuma yanayozuia mafuriko ya bahari. Urefu wake unakaribia kilomita 300. Katika mwendo wote huo mtembezi hushuka mita 100 na ushei tu, ndiyo maana hata wasiozoea kukwea milima huimudu, wengi wakiigawa katika siku 14 hivi.

Chanzo chenyewe chaweza kumvunja mgeni moyo. Pana jiwe la ukumbusho chini ya mti, lakini maji hayaonekani ila baada ya mvua nyingi. Katika ukame wa mwaka 2022, mto ulianza kuonekana kilomita kadhaa kutoka hapo.

Wepesi wa njia hii una sababu. Kuanzia mji wa Lechlade, sehemu kubwa yake ilikanyagwa na farasi, na kabla yao wanaume, waliokokota mashua za mizigo kwa kamba. Anayevuta mzigo wa tani nyingi hatafuti kilima. Hata hivyo, baadhi ya wenye mashamba walikataa kupitiwa, hivyo njia ikawa inahama ukingo hadi ukingo, na farasi wakivushwa kwa pantoni.

Reli iliponyakua mizigo katika karne ya 19, mashua zilipungua, kisha vivuko vikafungwa kimoja baada ya kingine. Njia ikabaki vipandevipande. Mtembezi alifika majini, akaiona ng'ambo ikiendelea, asiweze kuifikia. Haki ya kupita aliyokuwa nayo haikumfaa kitu.

Chama cha watembezi, Ramblers, na River Thames Society vilishikilia kwamba mto huo ustahili njia moja isiyokatika. Mnamo 1989 daraja la miguu lilijengwa Temple, karibu na Hurley, mahali palipokuwa na kivuko. Njia ilizinduliwa rasmi mwaka 1996, lakini karibu na Lechlade watembezi waliendelea kuambaa barabara ya magari hadi daraja la Bloomers Hole lilipokamilika mwaka 2000.

Anayenuia safari hii na apange malazi mapema, hasa kabla ya Oxford, kwani huko vijiji vimetawanyika. Wakati wa baridi mabonde hufurika na njia huzama matopeni. Miezi ya Mei hadi Septemba ndiyo salama zaidi. Kutoka Teddington kwenda chini, maji hupwa na kujaa kwa amri ya bahari, na bamvua linapofika, sehemu za njia karibu na Richmond hufunikwa hadi maji yapwe tena.