Ukiritimba ulikatazwa Kongo tangu 1885: nani anajua kuutambua?

Kila bei ya unga inapopanda mjini na kambini, watu wanaulizana: wafanyabiashara wakubwa wamesikilizana? Na kama wamesikilizana, sheria haiko? Sheria iko, na mizizi yake ni ya zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Kinachopungua ni watu waliosomea kazi ya kuthibitisha kosa lenyewe.

Tuanzie Berlin. Mkataba uliotiwa sahihi kule tarehe 26 Februari 1885, kifungu cha 5, ulikataza mtawala yeyote kutoa ukiritimba katika bonde la Kongo, yaani kumpa mmoja haki ya kushika biashara peke yake. Kwenye karatasi nchi yetu ilikuwa wazi kwa wachuuzi wote. Miaka sita baadaye, tarehe 21 Septemba 1891, mfalme Leopold II alitoa amri ya siri: maofisa wahakikishe pembe za ndovu na mpira vinaingia mikononi mwa serikali yake. Hila yake ilikuwa hii. Hakusema amefunga biashara. Alisema ardhi isiyokaliwa ni ya serikali, kwa hiyo mpira wa porini si bidhaa ya mwanakijiji ya kuuza, ni mali ya serikali. Mwanakijiji akabaki na mnunuzi mmoja, naye alikuja na bunduki na kiboko. Upande wetu wa mashariki, pembe zilizokuwa zikipita Kasongo na Ujiji kwenda Unguja ziligeuzwa kuelekea Boma, kisha vita vya 1892 hadi 1894 vikamaliza ushindani wenyewe. (Wale wafanyabiashara wa Maniema nao hawakuwa malaika, waliteka watu na kuwauza.)

Nani aligundua? Alikuwa karani, si jaji wala askari. E. D. Morel alifanya kazi katika kampuni ya meli ya Liverpool iliyohudumia njia ya Kongo, na kazi ilimpeleka mara kwa mara Antwerp. Huko alilinganisha hesabu. Meli zilirudi Ulaya zimejaa mpira na pembe za thamani kubwa, lakini zilipokwenda Kongo zilibeba kwa wingi bunduki na risasi, na bidhaa za kubadilishana zilikuwa chache mno. Akajiuliza: wanaovuna mpira wanalipwa kwa nini? Jibu: hawalipwi. Hajawahi kukanyaga Kongo, lakini vitabu vya mizigo vilimwonyesha kwamba biashara huria ya Berlin haikuwepo. Kelele alizoanzisha zilisaidia kumnyang'anya Leopold nchi mwaka 1908. Kwangu mimi, huyo ndiye mpelelezi wa kwanza wa ushindani katika historia yetu, ingawa wakati huo kazi hiyo haikuwa na jina.

Baada ya uhuru serikali ilishika njia nyingine. Sheria ya tarehe 20 Machi 1961 ilihusu bei, na kwa muda mrefu bei zilipangwa na wakubwa wa serikali. Mwaka 1983 zikafunguliwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 1987 ikaundwa tume ya ushindani, lakini watu wachache sokoni waliwahi kuisikia. Wakati huo bima ilikuwa ya SONAS peke yake tangu 1966, na madereva wetu wakubwa wanakumbuka; ni sheria ya 2015 iliyofungua mlango kwa wengine.

Wachimbaji wa koltani nao wana kumbukumbu yao. Mwezi Novemba 2000, RCD iliyotawala kutoka Goma ilitoa haki ya kuuza koltani nje kwa kampuni moja, SOMIGL. Wauzaji wengine walifungiwa mlango, kwa hiyo wengi wakapitisha mizigo kwa njia za panya. Mwaka uliofuata, hata kabla ya katikati yake, mpango ukafutwa.

Sheria tunayotumia leo ni namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018. Inasema bei ni huru, lakini inakataza wauzaji kupatana bei kwa siri, na inakataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya. Tume mpya iliundwa 2020. Kongo ni pia mwanachama wa COMESA, ambayo tume yake ya ushindani ilianza kazi 2013 huko Lilongwe na hufundisha maofisa wa nchi wanachama.

Wanafundishwa nini? Si vifungu tu. Tuseme wauzaji watano wa jumla wanauza gunia la unga kwa bei ileile. Hilo peke yake si ushahidi: pengine wote wanatumia barabara moja na wanalipa vizuizi vilevile. Aliyesomea atauliza kama bei ilipanda siku moja kwa wote, na kama ilishuka mafuta ya gari yaliposhuka. Atauliza pia soko lenyewe linaishia wapi. Unga wa muhogo ukipanda, watu wanahamia mahindi? Mama wa mjini anaweza kupanda pikipiki na kununua soko lingine. Familia iliyokimbia, bila nauli, soko lake ni pale miguu inapofika. Muuzaji mdogo kwa mji mzima anaweza kuwa mkubwa peke yake kambini.

Vizuizi vya barabarani haviko katika kazi ya tume hii, maana sheria inahusu wafanyabiashara, na anayeshika kamba barabarani kwa bunduki si mfanyabiashara. Mpelelezi lazima azitenge gharama hizo kabla hajamshitaki mtu yeyote. Kwa kufanya hivyo anahitaji bei za kila wiki, soko kwa soko, zilizoandikwa kwa miezi mingi. Katika masoko yetu bado wenye daftari kama hilo ni wauzaji wenyewe.