Shajara za Kyoto na Siku ya Maua

Wajapani wana neno hanami: hana ni ua, mi ni kutazama. Hata hivyo, ua lenyewe lina historia yake. Katika Man'yoshu, diwani kongwe ya karne ya 8, mplamu uliotoka China unatajwa mara nyingi zaidi kuliko mcheri. Kufikia Kokinshu, diwani iliyoamriwa na mfalme mwaka 905, mcheri ulikuwa umekwisha kutwaa enzi. Baadaye mshairi akisema "ua" tu, wasomaji walifahamu kuwa ni la mcheri. Wapenzi wa lugha watalitambua jambo hilo: neno pana limepungua upana, likaongezeka uzito.

Mwaka 812 Mfalme Saga alifanya karamu ya kutazama maua katika bustani ya Shinsen'en, mjini Kyoto. Tangu hapo wakuu wa makao ya kifalme na watawa waliandika katika shajara zao siku waliyokwenda kutazama, nani alikuwapo, na mashairi gani yalitungwa. Hawakukusudia kupima chochote. Lakini mtaalamu Yasuyuki Aono alizipekua shajara hizo, tarihi na mashairi, akapata tarehe za maua za mamia ya miaka. Mcheri huhitaji baridi ya kipupwe ili uamke, kisha joto ili uchanue. Kwa hiyo siku ya maua ni ushahidi wa joto la machipuko ya mwaka ule.

Kwa karne nyingi micheri ya Kyoto ilichanua kikamilifu karibu na katikati ya Aprili. Mwaka 2021 ilichanua tarehe 26 Machi, mapema kuliko siku yoyote iliyokuwa imeandikwa hadi wakati huo. Iliyokuwa ikishika nafasi hiyo ni tarehe 27 Machi 1409. Ongezeko la joto duniani na joto la mji wenyewe ndiyo sababu.

Washington nako kuna micheri mashuhuri. Shehena ya kwanza, miti 2,000, iliteketezwa mwaka 1910 kwa kuwa ilikuwa na wadudu na maradhi. Mingine 3,020 ikafika mwaka 1912. Kumbukumbu za maua yake zinaanzia mwaka 1921 tu.

Nilipokuwa nikifundisha ushairi niliwataka wanafunzi waandike tarehe chini ya kila shairi, nao wakadhani ni ukali wa mwalimu. Baadhi ya watunzi wa tenzi zetu za kale walitaja mwaka katika beti za mwisho. Natamani watunzi wa leo waongeze na siku mwembe wa uani ulipotoa maua.