Udongo Ndio Uliojaza Mabwawa

Tukitaja maafa wengi wetu hufikiria mafuriko au tetemeko la ardhi. Ugogo maafa huja polepole, nayo ni ukame. Katika njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, wanahistoria wanakadiria kwamba watu 30,000 walikufa, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 150,000. Mvua ilikosekana, lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani, na kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo.

Dawa iliyofuata ilikuwa mabwawa. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kuyakinga maji lilikuwa jambo la busara. Yalichimbwa Imagi, Msalatu, Matumbulu, na mwaka 1957 Ikowa.

Mwaka 1968 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wakiongozwa na Anders Rapp, waliungana na wenzao wa Dar es Salaam, akiwamo Len Berry. Walipima mabwawa hayo manne wakakuta yanajaa udongo kwa kasi. Kumbe mkosaji mkubwa hakuwa korongo, lile linalomtisha kila mpita njia. Alikuwa maji membamba yanayotambaa juu ya ardhi tupu, yakichukua tabaka jembamba la udongo kila mvua inaponyesha. Hasara ya namna hiyo haionekani, na ndiyo maana ilihitaji watu wa kuipima.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, kwa Kiingereza, katika jarida la Sweden. Mfugaji wa Matumbulu angeyasomaje? Mimi naona hapo ndipo ushirikiano wa vyuo vyetu ulipochechemea, ingawa kazi yenyewe ilikuwa safi.

Serikali, hata hivyo, ilikwisha kuona hatari. Mwaka 1973 ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa Kondoa, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yakarudi, miti ikaota. Gharama walibeba wenye ng'ombe, ambao baadhi yao walilazimika kuhama nao.

Barabara ya kwenda Kondoa inapita Miyuji. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umekuwa ukipanuka kuelekea huko, na kila kiwanja huanza kwa kufyeka. Sasa Dodoma ina chuo kikuu chake, kilichofunguliwa 2007. Vipimo vya 1972 vipo. Anayenunua kiwanja Miyuji leo anastahili kuelezwa, kwa Kiswahili na kabla hajashika panga, maji ya uwanja wake yataelekea wapi na yatabeba nini.