Nyasi Hazikuwa Tupu

Kutembea kandokando ya Ziwa Tlawi, karibu na mji wa Mbulu, hakuhitaji mazoezi wala viatu vya kupandia mlima. Ni matembezi mepesi ya jioni: malisho, mashamba ya mahindi na maharage, kisha ukingo wa ziwa dogo. Kinachomshinda mgeni ni jina tu. Ile "tl" ya Kiiraqw hutamkwa kwa ulimi uliobanwa juu na hewa inayopasukia ubavuni, na Kiswahili hakina sauti hiyo. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo, na leo imezungukwa na lugha za Kibantu na za Kiniloti.

Akishachoka kujaribu jina, mgeni hutazama nyasi na maji, hupiga picha, na kuandika chini yake: "mandhari ya asili". Hapo ndipo historia inapoanza kupotea, kwa sababu nchi hii imetengenezwa na watu.

Kwa miaka mingi simulizi iliyozoeleka vitabuni kuhusu Wairaqw ilikuwa ya watu waliozingirwa. Walikimbilia vilima vya Irqwa Da'aw, upande wa Kainam, wakabanwa humo na mashambulizi ya Wamaasai, wakajenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa vilima. Kwa kuwa ardhi haikuwatosha, ilisemekana, wakalazimika kulima kwa bidii kuliko majirani zao. Ni simulizi tamu, lakini inamwacha Mwiraqw akiwa mtu anayesukumwa tu. Mwaka 2004 mwanajiografia wa Uswidi, Lowe Börjeson, aliipinga. Alionyesha kwamba kilimo kile kilikua hatua kwa hatua, kupitia kazi za kila siku zilizolimbikizwa kizazi hadi kizazi: ng'ombe wanaolala ndani ya nyumba, samadi inayobebwa hadi shambani, mitaro inayochimbwa mabondeni ili viazi vitamu visioze kwa maji. Hofu ya vita peke yake haielezi mtaro. Mtaro unaelezwa na mtu anayeuzibua kila msimu, kisha akamwachia mwanawe jembe.

Malisho nayo yana historia ya namna hiyo. Majani hubaki mafupi na nchi hubaki wazi kwa sababu ng'ombe wanalishwa humo mwaka baada ya mwaka. Wakiondoka muda mrefu, vichaka hurudi, na katika sehemu za chini mbung'o hufuata vichaka. Serikali ya Waingereza ililijua hilo: iliwahimiza watu wa Mbulu kufyeka mapori yenye mbung'o, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaleta mpango wa maendeleo uliowataka pia wapunguze mifugo yao. Mkono uleule uliotakiwa kufungua nchi ukaambiwa kwamba ng'ombe wake wanaiharibu.

Tukifika kwenye maji, hadithi inageuka. Katika imani ya Wairaqw, Looa ni mwema, yuko juu, hutoa mvua na jua. Netlaangw hukaa chini, kwenye chemchemi, mito na maziwa, na mtu hakaribii makao yao ovyo. Aya, yaani eneo la jamii moja, ilikuwa na mipaka iliyolindwa kwa matambiko, na wazee waliibariki kwa slufay, dua ndefu ambayo mzee huisema na wengine humwitikia. Mtu anaweza kuuita ushirikina. Lakini tazama ulifanya kazi gani: kila chemchemi ilikuwa na sababu ya kuachwa ipumue, na sababu hiyo ilijulikana hata na mtoto anayechunga mbuzi.

Kati ya 1974 na 1976 Operesheni Vijiji ilipita katika nchi ya Wairaqw. Mwanahistoria Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliichunguza upande wa mashariki, akauliza swali ambalo wengi hawakuliuliza: watu walipohamishwa, ujuzi wao kuhusu mazingira ulipata nini? Ujuzi ule ulikuwa umefungwa kwenye mahali. Kilima fulani, mti fulani, maji fulani. Nyumba inaweza kubomolewa na kujengwa tena penye mstari ulionyooka. Uhusiano na chemchemi haubebeki kwenye lori.

Ukitoka Tlawi kuelekea kusini unafika nchi ya Mlima Hanang, na huko nyasi zilisomwa vibaya kwa gharama kubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Yalifika saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000, yakilimwa kwa mitambo kama nyanda za ngano za Kanada yenyewe. Kwa wapangaji hizo zilikuwa mbuga tupu zinazosubiri plau. Kwa Wabarabaig zilikuwa malisho bora ya mifugo yao, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, bung'ed, ambayo mengine yalipitiwa na plau.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo: kuwa kijiji kilichoandikishwa hakukutosha kuwapa ardhi, na wadai walitakiwa kuthibitisha kwamba wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Fikiria mfugaji akisimama, miaka zaidi ya ishirini baada ya Uhuru, kuthibitisha uenyeji wake mbele ya nyasi ambazo ng'ombe wa babu yake walizifuga.

Leo Tlawi ina ulinzi wa maandishi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri, na inahitajika, maana ardhi ya Mbulu imejaa watu na jembe halijui mita. Ila mita 60 haziimbiwi wala haziogopwi. Zinategemea ofisa aje na futi kamba. Netlaangw hawakuhitaji usafiri wa halmashauri.

Hatuwezi kurudisha hofu ya mababu kwa kuitamani, na wengi wetu tusingependa kuishi nayo. Tunachoweza ni kuacha kuita tupu kila kisicho na ukuta. Siku ukizunguka ziwa lile, mpishe yule mtoto mwenye fimbo na ng'ombe wake watano. Msalimie, muulize malisho yale yanaitwaje. Yana jina. Ukishindwa kulitamka atakucheka, kisha atakurudia polepole.