Shule ya Serikali ya Tanga na Kanisa

Historia ya Injili mjini Tanga haielezeki vema bila kuitaja shule ambayo haikuwa ya Kanisa. Wamisionari wa Kiinjili kutoka Ujerumani walifika Tanga mwaka 1890. Mwaka 1892 ilifunguliwa mjini humo shule ya serikali, iliyokuwa ya kwanza katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki.

Shule hiyo haikufundisha dini ya Kikristo. Iliwapokea watoto wa pwani, wengi wao Waislamu, ambao wazazi wao wasingekubali kuwapeleka kwa wamisionari. Ilipokua ikawa na mabweni, karakana za ufundi na mtambo wa kupigia chapa. Hapo walitayarishwa walimu, makarani na maakida. Hapo pia lilichapwa gazeti la Kiongozi.

Wamisionari wengi waliitazama kwa hofu, wakisema kwamba akida Mwislamu atumwapo bara huenda na dini yake. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, lakini haikuwa habari yote. Shule ileile ilieneza Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi. Wamisionari wa Kiprotestanti walipoanzisha gazeti lao, Pwani na Bara, mwaka 1910, nao walitumia Kiswahili.

Hivyo lugha inayowakutanisha Wakristo wa makabila mengi katika ibada moja ilikuzwa pia na watu wasiokusudia kulitumikia Kanisa. Yafaa Kanisa limshukuru Mungu kwa ajili yao pia.